Nge huenda na nge, would haiendi na would

Mpwa wangu yuko kidato cha pili. Jumapili alikuja nyumbani na daftari lake la Kiingereza, hata shikamoo aliisema huku anafungua begi, akanionyesha sentensi moja iliyokatwa kwa kalamu nyekundu. Alikuwa ameandika: "If I would have a phone, I would call my mother." Mwalimu amefuta "would have", juu yake ameandika "had". Basi. Hakuna maelezo, maksi sifuri.

"Mjomba," akaniuliza, "kwa nini had? Kwani huyu mtu alikuwa na simu akaibiwa?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza, kwa sababu swali lile lilizidi majibu yote niliyowahi kupewa shuleni. Sisi tulipewa namba: sharti aina ya kwanza, aina ya pili, aina ya tatu, na kanuni iliyoandikwa ubaoni kama hesabu. If, jumlisha wakati uliopita, weka mkato, would, jumlisha kitenzi. Tulikariri, tukafaulu, tukasahau. Hadi leo mtu akinitajia "aina ya pili" inabidi nihesabu kwanza kwa vidole.

Mimi naona binti yule amefanya kilekile alichofundishwa, ila kwenye kipindi cha Kiswahili. Huko anaambiwa nge huenda na nge, ngali huenda na ngali. Akiandika "Ningekuwa na simu, ningempigia mama" amepata. Akiandika "Ningekuwa na simu, ningalimpigia mama" amekosa, na mwalimu wa Kiswahili hana mchezo kwenye hilo. Pande zote mbili zilingane. Kengele inalia, anaingia mwalimu wa Kiingereza, na mtoto, ambaye kimyakimya ameshagundua kuwa would ndiyo nge yao, anapanga would huku na would kule. Wala hajakosea kugundua hivyo: "ningependa" ni "I would like", na "ungenisaidia" ni "would you help me". Sasa anachorwa nyekundu kwa kufuata sheria aliyopewa dakika arobaini zilizopita, chumba kilekile, dawati lilelile. Hakuna aliyemwambia kuwa Kiingereza kinaweka would upande wa matokeo tu, na kwamba upande wa if kinafanya jambo jingine kabisa.

Jambo lenyewe ni hili. Kiingereza hakina kiambishi kama nge cha kubandika kwenye kitenzi ili kusema kwamba hili si kweli, nadhania tu. Kwa hiyo kimeazima wakati uliopita. Wanachukua had, neno la jana, wanaliweka kwenye jambo la leo, msikilizaji ajue kuwa jambo hilo liko mbali. Liwe mbali na leo kwa siku, au liwe mbali na ukweli, umbo ni lilelile. Ndiyo maana mpwa wangu alimwona mtu aliyeibiwa simu: aliona umbali wa siku mahali palipokuwa na umbali wa ukweli. Kwa mtu aliyekulia kwenye nge, si kosa la kijinga hata kidogo.

Ukishalishika hilo, ile aina ya tatu inajileta yenyewe. Kama jambo la leo lisilo kweli linarudi hatua moja nyuma, la jana, ambalo tayari liko nyuma, litarudi hatua ya pili: "If I had known, I would not have come." Would imebaki palepale upande wa matokeo, imeongezewa have ya kubeba jana. Kwetu tunasema "Ningalijua, nisingalikuja." Au tuseme ukweli, nani anasema hivyo? Panda daladala yoyote utasikia "ningejua nisingekuja", hata kama safari ilikuwa ya juzi, na kila mtu ameelewa. Ngali imebaki kwenye vitabu, kwenye mtihani na kwenye "laiti ningalijua". Hapo pana mtego wa pili ambao sijawahi kusikia mwalimu akiutaja. Mtoto ambaye mdomoni mwake nge inabeba leo na jana kwa pamoja haoni haja ya kutenganisha "if I knew" na "if I had known". Kabla ya kanuni yoyote angeulizwa tu: unasema ya leo au ya jana?

Were nayo ina kesi yake. Mtoto amezoeshwa "I was" tangu shule ya msingi, kisha anakutana na "If I were you" na kudhani ni kosa la uchapaji. Ni masalia ya umbo la zamani lililotumika kwa mambo ya kudhania. Kwenye vitenzi vingine limeshafanana na wakati uliopita wa kawaida, hapa likabaki linaonekana. Waingereza na Wamarekani wengi kwenye maongezi husema "If I was" na hakuna anayewakamata. Mtihani unataka were, basi upe were, maisha yaendelee. Na ile "If I would have known" tunayoaibishwa nayo darasani, Wamarekani kibao huisema. Kwenye maandishi rasmi bado inahesabiwa kosa, sikushauri uiandike. Ila ukiisikia kwa mtu wa Chicago usidhani alisoma kwetu.

Ningekuwa mwalimu ningeanza na sentensi mbili za Kiswahili ubaoni. "Nikipata simu nitampigia mama." "Ningekuwa na simu ningempigia mama." Mtoto yeyote anajua kuwa wa kwanza bado ana matumaini, na wa pili anajua hana kitu mfukoni. Ya kwanza ni "If I get a phone, I will call", ya pili ni "If I had a phone, I would call". Lakini ziko shule ambazo neno moja la Kiswahili likitamkwa kipindi cha Kiingereza ni adhabu, kwa hiyo nge inaachwa mlangoni pamoja na viatu vya matope, na ndani watu wanakariri namba.

Nilimwambia mpwa wangu would iwe moja tu, ikae kwenye matokeo; kwenye if arudi hatua moja nyuma. Nikamwachia chai na daftari aandike sentensi tano. Ya nne ilisomeka hivi: "If my uncle had a car, he would not ask me to carry the charcoal." Akanisogezea daftari, uso mkavu kabisa.

Nikaweka vema. Had ilikaa inavyotakiwa: gari sijawahi kuwa nalo, wala sijaibiwa.