Nani Analipa LUKU ya Maabara?

Msimu wa mahafali ukikaribia, vyuo vikuu vya Moshi na Usa River huzidisha maombi ya michango kwa wahitimu, makanisa na marafiki wa ng'ambo. Wachangiaji nao wamegawanyika. Walio wengi wanataka fedha yao iende kwa mwanafunzi wanayemjua jina, au kwenye jengo litakaloandikwa jina lao. Wachache wanasema chuo kipewe fedha isiyofungwa: kiitumie pale penye uhitaji, au kiiweke kwenye mfuko wa kudumu na kutumia faida peke yake. Hao wachache huonekana kama watu wanaotaka kuwapa wakubwa fedha ya kuchezea, na nadhani hawajasikilizwa vizuri.

Hoja ya walio wengi ina uzito. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) haimpi kila mwombaji, na anayepata hapati lazima vyote. Bumu, yaani fedha ya kujikimu, linaweza kumlisha binti wa Rombo huku ada ikibaki na pengo. Asipolimaliza, anazuiwa mtihani. Ukimlipia, unajua umefanya nini, na miaka mitatu baadaye unamwona amevaa joho. Tena wapo waliochangia huko nyuma na hawakuoneshwa hata risiti. Mtu aliyeumwa hivyo akisema "nitamlipia mtoto mwenyewe", huwezi kumwita mchoyo.

Lakini fuata shilingi ya ada inakofika. Ada inalipa wahadhiri, maji, intaneti, ulinzi, na mara nyingi haitoshi, kwa sababu vyuo vya madhehebu haviwezi kuipandisha bila kuwafukuza watoto wa wakulima ambao vyuo hivyo vilijengwa kwa ajili yao. Kinachopungua hakina mfadhili. Kuna maabara ya chuo kimoja hapa kaskazini niliyowahi kuingia: darubini zimepangwa mezani, kila moja na kibandiko cha mfadhili wa ng'ambo, na kadhaa zimefunikwa nailoni kwa sababu taa zimeungua. Balbu hazikuwa na bajeti. Fundi sanifu alikuwa akiwakusanya wanafunzi sita sita kwenye darubini iliyobaki. Waliolipiwa ada na wafadhili walikuwa humo humo, wakisubiri zamu kama wenzao.

Fedha iliyofungwa ina hatari nyingine, nayo ni siku ya mwisho ya mradi. Mwaka 2010 Marekani ilianzisha mpango wa MEPI wa kuimarisha elimu ya udaktari Afrika, takriban dola milioni 130 kwa miaka mitano, kwa taasisi 13. KCMUCo, chuo cha udaktari cha Moshi, ilikuwa mojawapo, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke, na manufaa yake kwa ufundishaji na utafiti hayabishaniwi. Ila mradi una tarehe ya kufa, na siku hizi unaweza kufa kabla ya tarehe yake. Januari 20, 2025 Rais Trump alisimamisha misaada ya nje kwa saini moja, na kufikia Julai mwaka huo USAID, shirika la misaada la Marekani, ilikuwa haifanyi kazi tena. Chuo kisicho na fedha yake mwenyewe hukaa kikisikiliza redio kujua kama mwakani kitaweza kulipa mishahara.

Hapo ndipo hesabu ya mfuko wa kudumu inaponikaa kichwani. Chukua shilingi milioni 500. Ukijenga, unapata ukumbi, na kuanzia siku ya kukata utepe ukumbi unaanza kudai rangi, umeme na mlinzi. Ukinunua hatifungani za serikali za muda mrefu kupitia Benki Kuu, yaani ukiikopesha serikali, tuseme kwa riba ya asilimia 12, unapokea milioni 60 kwa mwaka, nusu kila miezi sita. Usizile zote, maana mfumuko wa bei utautafuna mtaji. Rudisha milioni 20, tumia 40. Milioni 40 ni balbu, ni vitendanishi, ni umeme wa LUKU, ni mshahara wa fundi sanifu wa pili, na inabaki ya kuziba pengo la ada la wanafunzi kadhaa. Ukiendelea na mgawo huo wa kurudisha theluthi ya riba na kutumia theluthi mbili, riba isipobadilika, baada ya miaka 20 chuo kimetumia zaidi ya bilioni 1.1, na mfuko wenyewe umefika karibu bilioni 1.1. Riba hupanda na kushuka, najua. Hata ikishuka hadi asilimia 8, milioni 40 ipo. Kinachokosekana ni ya kurudisha, na hapo chuo kitalazimika kujibana. Ukumbi hauwezi kukufanyia hivyo, na mwanafunzi uliyemlipia hatakiwi kukufanyia hivyo.

Watauliza milioni 500 itoke wapi. Anayeishi Kilimanjaro amekaa kwenye mnada baada ya ibada. Mkungu mmoja wa ndizi unanunuliwa, mnunuzi anasema "nairudisha mnadani", unauzwa tena, na tena, mpaka thamani yake sokoni inasahaulika. Amejaza kadi za harusi za watoto wa majirani hadi anatafuta pa kuzihifadhi. Wahitimu 2,000 wakitoa shilingi 10,000 kila mwezi, milioni 500 inatimia ndani ya miezi 25. Kweli, mhitimu kijana tayari anakatwa asilimia 15 ya mshahara kurejesha mkopo, na simlaumu akisubiri kwanza. Kuna waliomaliza zamani. Kuna wenye biashara, wanaoweza kutoa kupitia Mfuko wa Elimu unaosimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania na kuulizia nafuu ya kodi. Kuna wazee wenye viwanja Njiro ya Arusha na Shanty Town ya Moshi ambao wosia wao haujawahi kukitaja chuo, kwa sababu hakuna aliyewaomba.

Deni kubwa liko kwa vyuo. Huwezi kuomba fedha isiyofungwa huku mahesabu yamefungiwa kabatini. Akaunti ya mfuko iwe peke yake, isichanganywe na ya ada. Mtaji usiguswe bila idhini ya wadhamini, na miongoni mwao wawepo wahitimu waliochaguliwa na wahitimu wenzao, siyo walioteuliwa na mkuu wa chuo. Taarifa ya mkaguzi itumwe kwa kila aliyetoa, hata aliyetoa elfu kumi, ikionesha riba iliyoingia na ilikokwenda, hadi idadi ya balbu. Chuo kikikataa masharti hayo, wanaotaka kumlipia mtoto mmoja mmoja wana haki ya kuendelea hivyo hivyo.