Modemu ya Waya wa Simu, Siyo Hiyo ya Kuchomeka Laini!

Hebu ingia Kariakoo useme unataka modemu. Utaletewa kidude cha USB, na swali juu yake: "Ya mtandao gani, bosi?" Fafanua kwamba unataka ile ya waya wa simu ya mezani, ile inayopiga mayowe, uingize intaneti kompyuta yako yenye mfumo endeshi wa Linux. Kijana atamtazama mwenzake, mwenzake atamwita mzee, na mzee atazama stoo na kuibuka na kadi ya PCI, ile ya kupachika ndani ya kompyuta, yenye vumbi la enzi za Mkapa. "Mali safi hii."

Mali safi wapi! Kadi nyingi za aina hiyo ni winimodemu: kazi ambayo chipu ingefanya imeachiwa programu ya Windows. Ukiichomeka kwenye Linux umeajiri mpishi asiye na mikono. Andika lspci, amri ya kuorodhesha kadi za ndani, uone chipu ya nani. Ikiwa ni Lucent, Conexant au Smart Link, umejipa kibarua cha kusaka draiva, programu ya kuiendesha kadi, na draiva nayo inachagua toleo la keneli, kile kiini cha Linux. Dai modemu ya nje, yenye adapta yake na waya wa siriali. Hiyo haiulizi kompyuta yako ni ya dhehebu gani.

Nyuma ina matundu mawili, LINE na PHONE. Waya wa ukutani unaingia LINE. Watu wanachomeka PHONE halafu wanamtukana Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux. Na usiniletee ile simu ya mezani yenye antena na laini ndani! Ile husaga sauti ili maneno ya mtu yasikike tu. Milio ya modemu haitoki humo ikiwa nzima.

Haya, bandari, yaani tundu la kompyuta linalopokea waya wa modemu. COM1 ya Windows huku ni /dev/ttyS0, COM2 ni ttyS1. Linux inahesabu kuanzia sifuri, lakini nenda kamwambie mtu aliyeandika ttyS1 na anasubiri jibu tangu asubuhi. Kwenye Debian na nduguze katika ukoo wa Linux, jiweke kwanza kwenye dialout, kundi la watumiaji wanaoruhusiwa kugusa modemu, utoke, uingie tena. Kisha kama root, yule msimamizi mkuu, endesha wvdialconf /etc/wvdial.conf. Itagonga kila mlango ikisema AT, mpaka modemu iitikie OK. Fungua faili hilo la wvdial.conf, ujaze Phone, Username na Password, na ufute ile nukta mkato iliyo mwanzoni mwa kila mstari. Nasema tena: ufute. Ikibaki, mstari wote unahesabiwa maelezo tu, hata ujaze namba ya Ikulu.

Sasa ofisi zetu za Posta na Samora, kila moja na swichibodi yake. Modemu inasikiliza mlio wa laini, inakuta mlio wa swichibodi haufanani na ule iliofundishwa, inasusa: NO DIALTONE. Ongeza mstari Init3 = ATX3 kwenye faili hilo hilo, ipige bila kungoja mlio. Kama kutoka nje lazima ubonyeze 9, andika 9 na koma kabla ya namba. Koma hiyo kwa kawaida ni pumziko la sekunde 2.

Sasa andika wvdial, ipige. Imeunganika? Usichinje kuku bado. Una anwani ya IP, lakini hakuna kinachofunguka. Tazama route -n, orodha ya njia za data. Kama kadi ya mtandao ilishajitwalia njia kuu, pppd, programu inayoshika muunganisho wa simu, haiiondoi, inaiacha ikae, na data zote zinaelekea kwenye waya ambao hauna mtu upande wa pili. Andika route del default, kisha piga upya. Kama ping, ile hodi ya kupima kama kompyuta ya mbali inaitika, inajibiwa kwa namba ila kwa majina haijibiwi, kosa liko /etc/resolv.conf, faili linalotaja seva za kugeuza majina kuwa namba.

Na ile 56K ya kwenye boksi, yaani kilobiti 56 kwa sekunde? Inataka upande wa mtoa huduma uwe wa kidijitali. Modemu kwa modemu kwenye laini za kawaida, kikomo ni 33.6K. Hata kwenye 56K nzuri, megabaiti 1 inakula dakika mbili na ushee, na hapo hakuna mvua ya masika iliyoingia kwenye kisanduku cha nyaya kule nje.

Faili limefika asilimia 97, shangazi sebuleni anainua simu: "Haloo? Haloo? Nani anapiga mluzi?" NO CARRIER, muunganisho umekatika. Ndiyo maana tunapakua kwa wget -c, iendelee ilipokatikia. Na ile simu ya sebuleni ichomolewe ukutani kabla shangazi hajakumbuka kuwasalimu watu wa Tanga.