Bima ya Afya Marekani: Usichague kwa Bei ya Mwezi

Anayetoka Nairobi au Mwanza na kuhamia Minneapolis au Houston huja na mazoea ya bima ambayo hayamfai tena. Nyumbani maswali ni mawili: nakatwa ngapi, na hospitali ile wanapokea kadi? Kenya, tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ichukue nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF Oktoba 2024, mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, na hakuna wa kumuuliza anataka mpango upi. Tanzania mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3, mwajiri anaongeza 3, kadi ya NHIF, mfuko wa bima ya afya wa huko, inatoka. Huku Marekani, asiyepewa bima kazini hufungua HealthCare.gov, soko la bima la serikali kuu mtandaoni, au soko la jimbo lake kama MNsure ya Minnesota au Covered California, na kukuta mipango makumi kadhaa, kila mmoja na bei yake. Wengi wetu tunabonyeza ule wa bei ya chini kabisa. Naamini hapo ndipo pesa nyingi za wahamiaji wa kipato kidogo zinapopotea.

Tofauti kubwa kati ya huku na nyumbani iko kwenye kikomo. SHA ilipoanza, matibabu ya saratani yaliwekewa kikomo cha shilingi 550,000 kwa kaya kwa mwaka. Bili ikivuka hapo, linafunguliwa kundi la WhatsApp, anateuliwa mweka hazina, mchango unaanza. Kikomo hicho kinaulinda mfuko. Sheria ya Marekani ya 2010, ile ambayo kila mtu anaiita Obamacare, iligeuza jambo hilo: kampuni haiwezi kuweka kikomo cha pesa kwa huduma za msingi, ila kikomo anawekewa mgonjwa. Kwa mwaka 2026 mtu mmoja halipi zaidi ya dola 10,600 kutoka mfukoni, na familia dola 21,200, mbali na malipo ya kila mwezi. Upasuaji ukigharimu dola 200,000 katika hospitali iliyo ndani ya mtandao wa bima yako, yaani yenye mkataba nayo, kinachozidi hapo ni cha kampuni. Tena huwezi kukataliwa wala kupandishiwa bei kwa sababu ya kisukari, presha, VVU au ujauzito. Kinga ya namna hii kwa mgonjwa ndiyo ninayoitamani sana nyumbani.

Lakini dola 10,600 kwa mtu anayefanya usafi wa ofisi usiku ni pesa za kumvunja mgongo, na kabla ya kufika huko kuna didaktibo, yaani kiasi unachotoa mwenyewe kabla bima haijaanza kuchangia. Mipango hupangwa kwa madini: Shaba, Fedha, Dhahabu na Platinamu, ambayo kwenye skrini yameandikwa Bronze, Silver, Gold na Platinum. Kwa wastani Shaba hubeba asilimia 60 ya gharama za matibabu, Fedha 70, Dhahabu 80, Platinamu 90. Jedwali hilo kila wakala atakuonyesha. Kisichosisitizwa vya kutosha ni kwamba mwenye kipato kati ya asilimia 100 na 250 ya kiwango rasmi cha umaskini, akichukua Fedha, anapata mpango ulioboreshwa bila kuongeza hata senti. Chini ya asilimia 150, Fedha hiyo hubeba asilimia 94, yaani kuizidi Platinamu. Kati ya 150 na 200 hubeba 87. Kati ya 200 na 250 ni 73, nafuu ndogo tu. Ukichagua Shaba, haki hiyo unaiacha mezani na hakuna atakayekurudishia.

Tuhesabu. Kiwango cha umaskini kinachotumika kwa bima ya 2026 ni dola 15,650 kwa mtu mmoja. Anayeingiza dola 22,000 yuko kwenye asilimia 140. Kwa mpango wa Fedha unaotumika kama kipimo cha ruzuku, yaani msaada wa serikali wa kulipia bima, atalipa takriban dola 65 kwa mwezi, na salio serikali huilipa kampuni moja kwa moja. Shaba inaweza kumtokea kwa dola 0, kwa hiyo kwa mwaka ameokoa kama dola 780. Sasa kidole tumbo kimpate mwezi wa tano, na Shaba yake, tuseme, ina didaktibo ya dola 7,500. Zote hizo ni zake. Kwenye Fedha ya 94, kikomo chake cha mwaka mzima ni karibu theluthi ya kile cha kawaida, na didaktibo mara nyingi ni dola mia chache au haipo kabisa.

Kipato kikizidi asilimia 250, Fedha inapoteza uzuri wake. Tazama Dhahabu; Texas, kwa mfano, mara nyingi bei yake inalingana na ya Fedha au iko chini yake. Shaba inamfaa mwenye akiba, kwa kuwa tangu 2026 mipango yote ya Shaba ya sokoni inaruhusu akaunti ya HSA ya kuweka pesa za matibabu zisizotozwa kodi.

Kujaza kipato kwenye ombi la bima ndiko kunakoleta balaa baadaye. Dereva wa Uber anayepokea fomu ya 1099, ile ya waliojiajiri, anatakiwa kuandika faida baada ya kutoa gharama halali za gari, siyo kila dola iliyopita kwenye programu. Pesa unazotuma kijijini hazipunguzi kipato chako hata kidogo. Mama aliyeko Kisumu au Tabora, hata kama unamtunza kwa kila kitu, hahesabiwi kwenye kaya yako, maana mtegemezi wa kodi lazima awe raia au mkazi wa Marekani, au mkazi wa Kanada au Meksiko. Walio kwenye ndoa kwa kawaida hupata ruzuku tu wakiwasilisha kodi kwa pamoja, kwa hiyo ambaye mwenzi wake bado yuko nyumbani azungumze na mtaalamu wa kodi kabla ya kubonyeza chochote.

Mwaka ukiisha soko hukutumia fomu ya 1095-A inayoonyesha ruzuku uliyopokea, nawe unailinganisha na kipato halisi kwenye fomu ya kodi ya 8962. Zamani aliyepokea ruzuku kupita kiasi, kama kipato chake kilikuwa chini ya asilimia 400, alirudisha hadi kiwango fulani tu. Kuanzia mwaka wa kodi 2026 anarudisha yote. Na kwa kuwa ruzuku iliyoongezwa 2021 ilimalizika mwisho wa 2025, anayevuka asilimia 400, yaani dola 62,600 kwa mtu mmoja, anapoteza ruzuku nzima. Ukiongeza zamu Agosti, ingia kwenye akaunti urekebishe kipato Agosti hiyohiyo.

Usiamini orodha ya madaktari ya kampuni bila kuihakiki. Piga simu kliniki, wasomee jina kamili la mpango, siyo jina la kampuni tu, kwa sababu kampuni moja huwa na mitandao kadhaa. Mpango wa aina inayoitwa HMO au EPO kwa kawaida haulipi chochote nje ya mtandao isipokuwa dharura. Na mingi hailipi matibabu ya nje ya nchi, hivyo ukienda likizo Mombasa kata bima ya safari.

Dirisha la kujiandikisha la HealthCare.gov hufunguliwa 1 Novemba. Anayetaka bima ianze 1 Januari achague kufikia 15 Desemba, kisha alipe mwezi wa kwanza, kwani kuchagua bila kulipa ni sawa na kutokuwa na bima. Nje ya dirisha unahitaji sababu kama ndoa, mtoto au kupoteza bima ya kazini, na una siku 60. Ukikwama, piga simu sokoni uombe mkalimani wa Kiswahili; ni bure. Matangazo ya Facebook ya bima ya dola chache mara nyingi ni kadi za punguzo au bima za muda mfupi zinazoruhusiwa kukataa ugonjwa uliokuwa nao.

Ninaloona ni dhuluma liko upande wa wakimbizi, wakiwemo Wakongomani wengi. Kwa sheria ya 2025, Medicaid ya shirikisho, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, inawafungia mlango 1 Oktoba 2026, na ruzuku ya soko inaondoka 1 Januari 2027. Ruzuku itabaki kwa raia, wenye green card (kibali cha ukazi wa kudumu) na makundi machache, kama baadhi ya Wakuba na Wahaiti. Mkimbizi aliyetimiza mwaka mmoja nchini anatakiwa kisheria kujaza fomu ya I-485 ya kuomba green card. Ambaye hajaijaza aanze wiki hii, na apeleke barua ya Medicaid au ya soko kwa shirika lililompokea ili waone pamoja bima yake inaisha lini.