Drafti ya AFL na Bei ya Kijana Bora

Ligi ya kandanda ya Kiaustralia, AFL, mchezo wa huko ulio tofauti na soka, ilianza kuwagawa vijana wapya kwa drafti, yaani klabu kuwachagua kwa zamu, mwaka 1986, wakati ilipokuwa bado ikijulikana kama ligi ya jimbo la Victoria, na shabaha ya utaratibu huo ilieleweka kwa kila mtu: klabu iliyoburuza mkia ichague kwanza, bingwa achague mwisho, ili unyonge wa klabu usigeuke kuwa urithi. Msomaji aliyezoea soka, ambako mwenye fedha humnunua amtakaye, ajue kwamba katika AFL hakuna ada ya uhamisho. Klabu hujijenga kwa vijana inaowachagua kila mwezi Novemba na kwa wachezaji au nafasi za kuchagua inazobadilishana na wenzake mwezi Oktoba. Ninaiamini shabaha ile ya mwaka 1986, na kwa sababu hiyo nasema wazi kwamba utaratibu wa madau na pointi, ambao mashabiki wa ligi hii huubishania kila mwaka, umeruhusu vijana bora kabisa waende kwa klabu zilizokwisha kuwa na nguvu, kwa bei ambayo hakuna klabu ingeikubali sokoni.

Naandika kama shabiki wa North Melbourne, klabu iliyoshika mkia mwaka 2021 na ikaushika tena mwaka 2022. Mwaka 2021 tulimchagua Jason Horne-Francis kwa chaguo namba 1, naye akacheza msimu mmoja tu kabla ya kurudi Australia Kusini alikozaliwa, kujiunga na Port Adelaide. Biashara ya kumwachia iliunganisha klabu nne, na katika mzunguko huo chaguo namba 1 la mwaka 2022 likaenda kwa Greater Western Sydney, yaani GWS, nasi tukabaki na la 2 na la 3. Sikuwa na kinyongo na biashara hiyo, kwa kuwa ilikuwa ya haki: mchezaji alitaka kuondoka, kila klabu ilitoa kitu cha thamani, na kila moja ilijua inachopokea. Kilichonifanya nianze kuuchunguza utaratibu mzima ni kilichotokea Novemba, GWS ilipokwisha kumchukua Aaron Cadman na zamu ikafika kwetu.

North ilimtaja Will Ashcroft, kiungo ambaye wengi waliowafuatilia vijana wa mwaka ule walimweka juu ya orodha zao. Lakini baba yake, Marcus Ashcroft, alikuwa ameichezea Brisbane zaidi ya mechi 300, na sheria ya baba na mwana, iliyopo katika ligi hii tangu mwaka 1949, huipa klabu haki ya kwanza kwa mtoto wa mchezaji aliyeichezea angalau mechi 100. Klabu nyingine ikimtaja kijana huyo huhesabiwa kuwa imeweka dau, na klabu yenye haki huulizwa hapo hapo kama italilipa. Brisbane, iliyokuwa imefika nusu fainali msimu ule, ikalilipa kwa fungu la machaguo ya chini, sisi tukasogezwa nyuma nafasi moja. Tulimpata Harry Sheezel kwa chaguo la 3, aliyetangazwa mwaka uliofuata kuwa chipukizi bora wa ligi, kwa hiyo hatukutoka mikono mitupu. Ashcroft naye amekuwa mchezaji bora wa fainali kuu mara mbili mfululizo, mwaka 2024 na 2025, na Brisbane ikatwaa ubingwa miaka yote miwili.

Hasira nyingi za mashabiki huelekezwa kwa kijana au kwa baba yake, na hilo si haki hata kidogo. Mtoto aliyekulia katika vyumba vya kubadilishia nguo vya klabu fulani, akiwatazama wachezaji wake tangu hajui kusoma, hana kosa kutaka kuvaa jezi ile ile. Tatizo liko katika hesabu.

Tangu mwaka 2015 machaguo yamepewa pointi kulingana na nafasi, kwa kipimo kilichotokana na mishahara ambayo wachezaji waliochaguliwa katika kila nafasi walikuja kulipwa. Katika jedwali la kwanza, chaguo namba 1 lilikuwa na pointi 3,000, namba 2 pointi 2,517, namba 10 pointi 1,395, na namba 30 pointi 629. Klabu yenye haki na kijana ililipa pungufu ya asilimia 20 endapo dau limewekwa katika raundi ya kwanza, kwa hiyo kijana bora kuliko wote nchini aligharimu pointi 2,400. Chukua basi machaguo ya 28, 29, 30 na 31. Ukijumlisha pointi zake utapata 2,565, yaani unaweza kumlipia kijana namba 1 na ukabakiwa na chenji. Mtafute meneja yeyote wa usajili katika klabu 18 za ligi, umwombe akupe chaguo namba 1 kwa hayo manne, uone kama atakujibu. Jedwali lilidhani kwamba vipaji vinne vya wastani ni sawa na kipaji kimoja kikubwa, na mtu yeyote aliyeutazama mchezo huu anajua kwamba timu huingiza wachezaji 18 tu uwanjani, hivyo mtu mmoja wa kiwango cha juu hawezi kulipwa kwa kuongeza idadi ya wale wa kawaida.

Klabu zililiona pengo hilo mapema. Mwaka 2020 Western Bulldogs, waliokuwa wamecheza hatua ya mtoano, walimpata Jamarra Ugle-Hagan, kijana wa akademi yao ya kulea vipaji, ambayo nayo huipa klabu haki ya kwanza, baada ya Adelaide kuweka dau kwa chaguo namba 1, na malipo yao yalikuwa machaguo ya raundi ya pili na chini yake. Mwaka uliofuata Bulldogs walicheza fainali kuu. Mwaka 2024 Brisbane ilitwaa ubingwa mwezi Septemba, na mwezi Novemba ikamchukua Levi Ashcroft, mdogo wake Will, katika nafasi ya 5. Bingwa aliyetakiwa kuchagua mwisho wa raundi akawa na kijana wa tano kwa ubora katika nchi nzima, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Hapo ndipo biashara ya Oktoba ilipopotoka. Klabu inayojua kwamba mwezi ujao itamlipia kijana wake kwa pointi haina sababu ya kukaa na chaguo la juu, kwa kuwa chaguo hilo litamezwa dau likiwekwa mapema, basi hulivunja na kupata vipande vingi vya chini vyenye jumla kubwa ya pointi. Gold Coast walifanya hivyo kwa ustadi mwaka 2023, walipowaachia Bulldogs chaguo la 4 na kupokea machaguo kadhaa, kisha wakawachukua vijana wanne wa akademi yao: Jed Walter katika nafasi ya 3, Ethan Read ya 9, Jake Rogers ya 14 na Will Graham ya 26. Nasoma mijadala ya mashabiki ya miezi hiyo na naona wanahesabu pointi kama wahasibu, ilhali zamani wangekuwa wakibishana kama kijana fulani anapiga vizuri kwa miguu yote miwili, au kama mrefu wa sentimita 200 anaweza kukimbia robo zote nne za mchezo.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaotaka akademi zifutwe. Queensland na New South Wales ni nchi ya raga, na mtoto wa huko mwenye mwili wa mwanamichezo ana njia nyingi zinazomwita mbali na kandanda hii. Akademi za Sydney, GWS, Brisbane na Gold Coast zimewatafuta watoto hao, zikawalea kwa miaka, na ligi nzima imefaidika. Klabu iliyofanya kazi hiyo inastahili kumwita kijana wake kwanza, ila imlipie.

Kuna akademi nyingine, zilizoanzishwa kwa ajili ya vijana wa jamii za wenyeji asilia wa Australia na wale wa familia zilizotoka nchi nyingine, na hizo ndizo ninazozijali zaidi. Aliir Aliir alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya, kwa wazazi wa Sudan Kusini, akachaguliwa na Sydney katika nafasi ya 44 mwaka 2013, na mwaka 2021, akiwa Port Adelaide, aliingia katika kikosi bora cha msimu. Kijana wa aina hiyo anapoanza kuucheza mchezo huu akiwa amekwisha kuwa mkubwa, hana baba aliyeucheza wala mjomba anayemjua kocha, na mtu wa klabu anayekwenda shuleni kwao na kumpeleka mazoezini ndiye mlango wake pekee. Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, aliufungua mlango huo katika klabu yangu ya North, akawa mzaliwa wa kwanza wa Sudan kucheza AFL.

Sasa tazama usiku wa drafti ya mwaka 2021. Dau liliwekwa katika nafasi ya 2 kwa Sam Darcy, ambaye baba yake aliichezea Bulldogs, na Bulldogs wakaruhusiwa kulilipa. Dau likawekwa katika nafasi ya 4 kwa Nick Daicos, mwana wa Peter Daicos aliyeichezea Collingwood mechi 250, na Collingwood wakaruhusiwa kulilipa. Miaka miwili baadaye walikuwa mabingwa naye. Zamu iliyofuata, ya 5, Gold Coast walimtaja Mac Andrew, kijana wa familia ya Sudan Kusini aliyezaliwa Misri na kulelewa katika akademi ya Melbourne. Melbourne hawakuruhusiwa kusema neno, kwa sababu mwaka huo ligi ilikuwa imezuia klabu kulipia vijana wa akademi hizo ndani ya machaguo 20 ya kwanza, na baadaye ikakisogeza kizuizi hadi 40. Sheria ya baba na mwana haikuguswa.

Siwalilii Melbourne, waliokuwa mabingwa msimu ule, na Andrew amekuwa beki mzuri huko Gold Coast. Linaloniuma ni upande ambao ligi iliamua kuubana ilipoona kwamba klabu zenye nguvu zinapata vijana kwa bei nafuu. Iliacha haki inayotokana na damu, ikabana ile inayotokana na kazi. Haki ya damu huzifaa klabu kongwe zenye wazee wengi waliofikisha mechi 100, ilhali Gold Coast walioanza mwaka 2011 na GWS walioanza mwaka 2012 watasubiri muda mrefu kabla watoto wa wachezaji wao hawajakua. Kizuizi kile kimekwisha kuondolewa, na mwaka 2024 Essendon waliweza kumchukua Isaac Kako, kijana wa asili ya Iraki kutoka akademi yao, katika nafasi ya 13. Nilifurahi, ingawa Essendon si klabu ninayoipenda.

Ligi pia imelirekebisha jedwali kuanzia drafti ya mwaka 2025: punguzo limeshuka kutoka asilimia 20 hadi 10, na machaguo yaliyo baada ya la 54 hayana tena pointi. Ni hatua ya kweli. Mimi ningependa ifike mbali zaidi, kwa kanuni moja inayowahusu wote, mwana wa mchezaji, kijana wa akademi ya kaskazini na kijana wa mkimbizi: dau likiwekwa katika raundi ya kwanza, malipo yawe na angalau chaguo moja la raundi ya kwanza, la mwaka huo au la mwaka unaofuata, na punguzo lisiwepo kabisa kwa klabu iliyomaliza msimu ndani ya nne bora. Machaguo ya miaka ijayo yamekuwa yakiuzwa tangu mwaka 2015, kwa hiyo klabu haiwezi kudai kwamba haina cha kulipia.

Biashara yenyewe ya machaguo isiguswe, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha ujasiri wa klabu na mashabiki wana haki ya kuihukumu. Mwaka 2001 Fremantle, walioshinda mechi mbili tu msimu mzima, waliwapa Hawthorn machaguo ya 1, 20 na 36 ili wawapate Trent Croad na Luke McPharlin. Kwa la 1 Hawthorn walimchukua Luke Hodge, kwa la 36 Sam Mitchell, na wawili hao wakawa nguzo za ubingwa wa mwaka 2008 na wa miaka mitatu mfululizo kuanzia 2013. Mashabiki wengi huutaja mkataba huo kama upumbavu wa Fremantle, nami naona wanamdhulumu McPharlin, aliyewatumikia kwa zaidi ya mechi 200 na kuingia kikosi bora cha mwaka 2012. Fremantle walikosea kuhusu Croad, aliyerudi Hawthorn baada ya misimu miwili, lakini walikosea kwa macho yao wenyewe, wakiwa na chaguo namba 1 lenye thamani kamili mkononi.

Timu ya Tasmania itaingia ligini mwaka 2028 kama klabu ya 19, ikiwa haina mabingwa wa zamani wenye watoto wa kuwarithi, na itajengwa kwa machaguo mengi ya mwanzo ambayo ligi itaipa. Kila dau litakalolipwa kwa bei rahisi na klabu kongwe litaisogeza nyuma, kama lilivyotusogeza sisi mwaka 2022. Kanuni ya malipo inapaswa kuwa imekwisha kuandikwa kabla klabu hiyo haijataja jina lake la kwanza.