Alice bila vinyago

Riwaya ya Lewis Carroll kuhusu Alice na nchi ya ajabu, iliyochapishwa mwaka 1865, imeigizwa mara nyingi kiasi kwamba mtazamaji hujua atakachokiona kabla hajawasha televisheni: sungura wa manyoya mwenye saa, kiwavi mnene juu ya uyoga, askari waliovikwa karata. Sehemu kubwa ya taswira hizo inatokana na michoro ya John Tenniel katika toleo la kwanza, na waongozaji wengi wameitii michoro hiyo sawasawa na maandishi yenyewe. Jonathan Miller hakuitii. Katika filamu aliyoitengenezea BBC, iliyoonyeshwa usiku wa tarehe 28 Desemba 1966, kwa nyeusi na nyeupe, waigizaji hawakuvishwa vichwa vya wanyama. Ninaihesabu kuwa aminifu kuliko filamu zote zilizotokana na kitabu hicho ambazo nimeziona, ingawa najua wapo wanaoiona kuwa ni usaliti.

Hoja ya usaliti inachanganya michoro na hadithi. Toleo la Kiswahili la mwaka 1940, Elisi katika Nchi ya Ajabu, lilimchora Alice upya akiwa msichana wa Kiafrika, na hadithi haikupungukiwa na kitu. Kinachokibeba kitabu hiki ni mazungumzo, na mazungumzo hayo Miller ameyaacha kwa kiasi kikubwa yalivyo. Alichoondoa ni manyoya. Yanapoondoka, unagundua kwamba viumbe wote hao ni watu wazima: wanaoharakisha, wanaokaripia, wanaouliza maswali wasiyotaka kujibiwa. Sungura Mweupe wa Wilfrid Brambell ni mtumishi mwenye hofu ya kuchelewa. Kiwavi wa Michael Redgrave ana ubaridi wa msomi aliyezoea kusikilizwa. Wala hili si jambo alilolizua Miller. Carroll, ambaye jina lake halisi lilikuwa Charles Dodgson, alikuwa mhadhiri wa hisabati katika Chuo cha Christ Church, Oxford, na hadithi hii aliisimulia kwanza mwezi Julai 1862, ndani ya mashua, kwa mabinti watatu wa mkuu wa chuo hicho. Watoto hao walikulia katikati ya mabwana wa aina hiyohiyo.

Tazama karamu ya chai. Kitabuni Alice anakaribishwa divai, anasema haioni, naye anajibiwa kwamba haipo. Filamu nyingine huyaendesha majibizano hayo mbiombio, vikombe vikirushwa huku na huku. Hapa Peter Cook, akiwa Mshona Kofia, anaongea kwa sauti nyembamba ya mtu ambaye akili yake imeshahama, kisha wote wananyamaza, na ukimya unarefuka hadi unaanza kumchosha mtazamaji kama unavyomchosha Alice. Anne-Marie Mallik, msichana wa shule aliyepewa nafasi ya Alice, hatabasamu wala hawatazami sana wenzake. Maneno yake mengi tunayasikia kama mawazo yanayopita kichwani. Wapo waliomlaumu kwa ugumu huo wa uso. Mimi nauona kuwa ndio ukweli wa mtoto aliyewekwa kati ya wakubwa wasiojali kama yupo au hayupo, na ambaye amekwisha kujifunza kutowaonyesha kinachomuumiza.

Uteuzi wa mahali nao ulikuwa wa mtu anayejua anachokitafuta. Miller, ambaye alisomea udaktari kabla ya kuingia katika sanaa, alipiga sehemu ya filamu katika hospitali ya kijeshi ya Netley, karibu na Southampton, jengo kubwa mno la enzi ya Malkia Victoria ambalo sehemu yake kubwa ilibomolewa mwaka huohuo wa 1966. Ushoroba wake mrefu hauhitaji pambo lolote ili uwe wa ndotoni. Inatosha Alice aufuate, mlango baada ya mlango. Juu ya hayo kuna sitari, ala ya nyuzi ya Kihindi, inayopigwa na Mhindi Ravi Shankar, ambayo kwa karatasi ingeonekana haina mahali katika Uingereza hiyo, lakini India ilikuwa chini ya taji la Uingereza tangu 1858, na mlio wa nyuzi zile unaleta joto la kiangazi na wadudu wa nyasini ambao Alice amelala kati yao.

Sehemu ninayoirudia zaidi ni ile ya ufukweni. John Gielgud, akiwa Kasa wa Bandia, na Malcolm Muggeridge, akiwa Grifoni, yule kiumbe wa hadithi aliye nusu tai nusu simba, ni wazee wawili kando ya bahari pamoja na msichana ambaye hawamwoni vizuri, na Gielgud anaimba wimbo wa kamba wa baharini polepole, bila kutafuta kicheko. Kitabuni viumbe hawa hukumbuka masomo yao, yaliyochukua muda wa saa kumi siku ya kwanza, saa tisa siku ya pili, yakipungua hivyo kila siku, nasi hucheka. Midomoni mwa wazee, kumbukumbu za shule zinakuwa huzuni ya watu ambao utoto wao umekwenda, na Alice anasimama hapo akiyaona yatakayompata.

Gharama yake ipo, nayo ni kicheko. Carroll aliwachekesha watoto kwanza, na filamu hii mara nyingi huupoteza mcheko huo hata pale maandishi yanapouomba waziwazi. Hata Peter Sellers, Mfalme wa Kopa, anafanya kazi yake kwa sauti ya chini. Mtoto wa miaka sita atachoka mapema, na singependa akutane na Alice kwa njia hii kabla ya kusomewa kitabu. Aliye na miaka kumi au kumi na miwili, ambaye ameanza kuchoshwa na mazungumzo ya wakubwa mezani, ndiye ningemketisha mbele ya filamu hii, nikamwachia aitazame mpaka mwisho bila kumweleza kitu.