Wadogo zangu wa Goma, kutuliza mpira hamutajifunza kwa mechi

Kila jioni hapa Goma, toka Ndosho mpaka Majengo, vijana wanacheza na wanacheza na roho yote, lakini angalia vizuri pasi ikimfikia mtu: mpira unamruka mita mbili tatu, anaanza kuukimbilia tena, mwengine amesha kuubeba. Halafu watu pembeni wanasema huyu mtoto hana kipaji. Mi nakataa kabisa, kipaji iko, hana saa za kutosha yeye na mpira tu.

Pigeni hesabu. Mechi ni dakika 90, ila ukitoa faulo, kona, mpira kutoka inje na watu kulala chini, mpira unatembea saa moja ao chini ya hapo. Gawa kwa wachezaji 22, kila mtu hapati hata dakika 3. Na hapo ni mechi ya kweli, kwa kartie (mtaani) munacheza 15 kwa 15 na mpira ni moja, sasa mguu wa kushoto utajifunza saa ngapi?

Tafuta ukuta. Wa parseli yenu, kiwanja cha nyumba, unatosha. Simama mita 4 ao 5, piga na upande wa ndani wa mguu, na mpira ukirudi usiungojee na mguu umekauka kama ubao, legeza kifundo, na pale unagusa kiatu rudisha mguu nyuma kidogo, utaona mpira unakufa hapo hapo. Ukishazoea, usiuache tena chini ya miguu, mguso wa kwanza uupeleke pembeni, kulia ao kushoto, kama vile kuna beki anakuja, juu siku ya mechi atakuja kweli. Na mbele mpira haujarudi geuza kichwa, angalia nyuma ya bega. Hii wengi wanairuka na kwangu ndiyo inapita zote, juu mwenye anaangalia mpira tu, hata akiutuliza vizuri hajui aende nao wapi.

Kuta zetu nyingi ni mawe ya volkano, hazinyooke, unapiga hapa unarudi kule. Watu wanalalamika, mi naipenda hiyo, inakulazimisha kusogeza miguu hatua fupi fupi badala ya kusimama tu na kunyoosha mguu. Shida ni chini, lava inakula mpira haraka sana, ngozi inatoka vipande vipande, kwa hiyo tafuta penye sementi ao udongo wa kukanyagwa. Nyumba ikiwa ya mbao omba jirani kwanza, kelele ile mchana mama wa watu hawezi kuivumilia na ana haki.

Na muache kujaza upepo mpaka mpira unagonga mguu na kukimbia! Sheria inakubali presha ya atmosfia 0,6 mpaka 1,1 tu. Kama uko na ule wa masashe (mifuko ya plastiki) na kamba, ni mzuri kwa kuviringisha chini ya nyayo, kwa ukuta haurudi vizuri.

Jongle, ile ya kupiga mpira juu juu bila kuuangusha, najua munaipenda. Inasaidia kuzoea uzito wa mpira, sikatai, lakini niko naona vijana wanapiga jongle mpaka watu wanakusanyika, halafu pasi ya kawaida ya chini inawashinda. Fanya kidogo, miguu yote mbili, kisha rudi kwa ukuta.

Dennis Bergkamp, mshambuliaji wa Uholanzi, alikuwa mtoto wa Amsterdam wa kupiga mpira kwa ukuta peke yake na kuchunguza namna unarudi. Mwaka 1998, robo fainali ya Kombe la Dunia kule Marseille, Uholanzi na Argentina 1-1, mechi inakaribia kuisha, Frank de Boer anampigia pasi ndefu toka nyuma. Mguso wa kwanza anaushusha toka hewani, wa pili anampita Ayala, beki wa Argentina, wa tatu goli, yote mguu wa kulia. Watu wanarudilia lile shuti, mi narudilia ule mguso wa kwanza, bila huo hakuna shuti.

Dakika 20 kila siku kabla ya shule, nusu yake kwa mguu ule unaogopa, wavulana na wasichana pia. Na nyinyi makochi wa kartie, mtoto akifika mapema mazoezini, mupe mpira na mumuonyeshe ukuta, musimuache akae tu kwa mawe kungojea wenzake.