Kila Mrija Uwe na Sababu ya Kubaki

Jamaa wa mgonjwa aliyelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi hapa Nairobi huuliza kwanza kama anapewa dawa kali. Ni swali la mapenzi, wala siwalaumu. Naamini, hata hivyo, kwamba lipo swali jingine ambalo madaktari na wauguzi wanapaswa kulijibu kila asubuhi: katika vyote alivyowekewa, ni kipi hakihitajiki tena?

Nasema hivyo kwa sababu ya Kandida, kuvu inayoishi utumbuni, mdomoni na kwenye ngozi za watu wengi wenye afya bila kuwadhuru. Antibiotiki zinazoua bakteria wa aina nyingi huwaondoa pia wale walioidhibiti kuvu hiyo, nayo ikaongezeka. Utumbo ukitoboka, au tumbo likipasuliwa mara kwa mara, kuvu hupata njia ya kutoka humo. Halafu kuna mrija wa mshipa mkubwa wa shingoni, ambao juu ya plastiki yake kuvu hujenga utando ambao dawa hupenya kwa shida. Lishe ya kupitia mshipa, usafishaji wa damu kwa mashine, dawa za steroidi na kukaa siku nyingi wodini humo huongeza hatari. Watoto njiti nao wamo hatarini.

Tazama plasta inayofunika mrija huo: ukingo umeinuliwa na jasho, na tarehe iliyoandikwa kwa kalamu imefifia. Kila dripu inapounganishwa bila kifuniko kusuguliwa kwa spiriti, mlango umefunguliwa.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Candida auris, aina mojawapo ya Kandida iliyoelezwa mara ya kwanza nchini Japani mwaka 2009, imekwisha kupatikana Nairobi. Katika hospitali moja ya jiji hili, uchunguzi wa miaka ya 2010 hadi 2016 uliikuta kwa asilimia 38 ya wagonjwa waliokuwa na Kandida kwenye damu. Mara nyingi flukonazoli, dawa ya kutibu kuvu, haiiwezi. Hudumu kwenye vyuma vya kitanda na mkanda wa kupimia presha, na baadhi ya dawa za kusafishia haziiui, ingawa klorini huiua. Shirika la Afya Duniani liliiweka mwaka 2022 katika kundi la kuvu hatari zaidi.

Kungoja majibu ya maabara hakutoshi, kwa kuwa kuotesha damu ili kuona kama kuna kuvu hukosa takriban nusu ya maambukizi ya Kandida yaliyoingia ndani ya mwili, na theluthi moja au zaidi ya wanaopatikana nayo kwenye damu hufariki.

Kwa hiyo napendekeza karatasi moja kichwani pa kila kitanda, yenye mstari kwa kila mrija na kila antibiotiki: umewekwa lini, unabaki kwa sababu gani, nani ametia sahihi leo. Ukikosa sababu, mrija utolewe siku hiyo hiyo, na dawa isiyo na kazi isimamishwe, hata kama jamaa wanaomba iongezwe. Waelezwe kwa upole ni kwa nini.